Kompyuta Haijui Saa Moja Asubuhi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Vidole vyangu vimepasuka kwenye viungo, kalamu inateleza, na hata shuleni nilikuwa mtu wa kumaliza imla wakati wenzangu wako nje wanaruka kamba. Herufi l na r hubadilishana nafasi nikiharakisha, kwa hiyo siharakishi. Nimesoma hadi darasa la saba, basi. Ukikuta neno limekaa vibaya, lisome kwa sauti; huenda sikio lako likalinyoosha.

Vidole vimepasuliwa na maua. Ninafanya kazi katika shamba la waridi, moja ya haya mashamba mapya yaliyofunikwa nailoni huku chini ya Mlima Meru, ambayo ukiyatazama kwa mbali asubuhi unadhani ni ziwa. Wavunaji hutuletea maua kwa ndoo. Sisi wa ukumbi wa kuchambua tunapima urefu wa vikonyo, tunapukutisha majani ya chini, tunakwangua miiba, tunafunga mafungu na kuyapeleka chumba cha baridi. Jioni gari linayachukua kwenda uwanja wa ndege, na kesho yake huko Ulaya mtu anampa mkewe. Maji ya kwenye ndoo yana dawa. Glavu tulipewa, zikachanika, na tangu hapo tunaambiwa nyingine zinakuja.

Ninakaa Moshono kwa shangazi yangu, anayeuza mitumba sokoni. Mume wake alipunguzwa kazi kiwanda cha serikali kilipouzwa, na tangu siku hiyo ana msemo wake. Akisikia shamba fulani limepata mwekezaji, au redio mpya imeanza kupiga muziki, anasema, "Siku hizi kila kitu kina mwenyewe." Halafu anarudi kunyoa mbuzi kwa macho, yaani anamtazama tu bila kufanya lolote. Shangazi ndiye anayetulisha. Ndiye pia aliyeitazama mikono yangu jioni moja nikila ugali na kuona nauma meno kila nikichovya kwenye mchuzi wenye chumvi.

"Hiyo mikono haitafika miaka miwili mingine," alisema. "Tafuta kazi nyingine hukohuko kabla hawajakuona huwezi."

Kazi nyingine hukohuko ilikuwa moja tu niliyoitamani. Getini kuna chumba kidogo chenye dirisha, na ndani yake alikaa dada tuliyemwita taimkipa. Kazi yake ilikuwa kuchukua daftari la getini, ambamo mlinzi aliandika kila mtu ameingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, kisha kuhesabu saa za kila mfanyakazi kwa wiki na kuzipeleka kwa mhasibu. Alikuwa na kiti chenye mgongo. Mikono yake ilikuwa mikavu. Alipotangaza kwamba anamfuata mumewe Dodoma, nilihisi kama kuna mtu amenigusa begani.

Mhasibu wetu ni mama mnene, mpole, anayetembea na kikombe cha chai. Alikuja ukumbini wakati wa chakula, akasimama kati ya meza.

"Kompyuta imenunuliwa, iko getini," alisema. "Anayetaka kiti cha taimkipa aniletee karatasi ya kompyuta inayohesabu saa za watu yenyewe. Sitaki tena mtu wa kuhesabu kwa vidole, kila Jumamosi tunagombana hapa."

Dada mmoja wa meza ya mbele akauliza, "Awe na elimu gani, mama?"

"Awe anaweza."

Wenzangu wakacheka, wakaendelea kula. Mimi sikucheka. Maneno yale mawili niliondoka nayo. Asingesema hivyo, angesema kidato cha nne, ningebaki kwenye ndoo yangu kwa amani.

Nilimwambia shangazi. "Na kuongea je? Kiti cha ofisini kinataka mdomo."

"Kile kina dirisha tu, shangazi. Watu wanapita."

"Basi kinakufaa," alisema, akafungua mfuko wake wa mauzo.

Kipindi kile kila ukuta wa Kijenge ulikuwa umeandikwa JIFUNZE KOMPYUTA, kwa rangi nyekundu, na mshale. Nilifuata mshale mmoja hadi chumba nyuma ya saluni. Kulikuwa na kompyuta chache, na kila moja ilikaliwa na watu wawili au watatu. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mchangamfu, anayeongea kama mtangazaji na kuchanganya Kiingereza katikati ya sentensi, hivi kwamba nilikuwa nashika mwanzo na mwisho lakini si kiini. Siwezi kumlaumu. Wengine wote walikuwa wamemaliza sekondari au wanaisoma, na walitikisa vichwa kukubali. Mimi pia nikatikisa.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa kaka mmoja wa Elerai aliyetaka kazi kwenye ofisi za kupeleka watalii mbugani. Yeye ndiye aliyeshika maus. Mtu mwenye aibu hashiki maus, hilo nililijua siku ya kwanza. Unakaa pembeni, unatazama mshale mweupe unavyokimbia, unajiambia zamu yako itafika. Haifiki. Lazima useme, "Kaka, naomba na mimi," na sentensi hiyo ilinichukua siku kadhaa kuitoa.

"Ahaa, dada wa maua!" alisema nilipoitoa hatimaye, kwa sauti ambayo hata wa saluni waliisikia. "Kumbe unaongea? Nilidhani tumeletewa sanamu."

Mwalimu alitueleza kwamba spredishiti ni kama nyumba ya kupangisha. Safu zinashuka chini na zina majina ya herufi, mistari inalala na ina namba, na zinapokutana ndipo panapokuwa na chumba. Chumba cha safu ya B, mstari wa pili, kinaitwa B2. Hapo nilielewa, tena nilifurahi, maana nyumba za kupangisha nazijua. Halafu akasema ukitaka kujumlisha waliomo vyumbani unaandika fomula. Nikaandika B2+B3, nikabonyeza Enta. Ikabaki B2+B3, imekaa pale kama mgeni asiyekaribishwa.

"Umesahau alama ya sawasawa," kaka wa Elerai alisema. "Bila sawasawa inadhani unaiandikia barua."

Nikaweka. Jibu likaja. Sekunde mbili za raha. Kisha tukaingia kwenye SUM, ambayo inajumlisha kutoka chumba hiki hadi kile bila kuvitaja vyote katikati, na hapo ndipo nilipoanza kuteseka. Kati ya chumba cha kwanza na cha mwisho kuna nukta mbili. Mimi niliweka mkato. Siku nyingine nilisahau kufunga mabano. Siku nyingine niliweka fomula ndani ya chumba kilekile nilichokuwa nakijumlisha, kompyuta ikaona inajila mkia. Kila ukikosea linatokea boksi la Kiingereza katikati ya skrini, na kompyuta inalia ding. Ile ding ilinichukiza kuliko boksi. Kosa kwenye karatasi halipigi kelele. Hili linapiga, na darasa zima linageuka.

"Ding!" kaka wa Elerai alikuwa anasema kabla hata haijalia, akiona kidole changu kinaelekea Enta. "Ngoja, ngoja... ding! Si nilisema?"

Nilitamani kumpiga na kibodi. Lakini nilirudi kila jioni, nikitoka shambani na lori la wafanyakazi, nikishuka Kijenge badala ya kuendelea Moshono, na viatu vyenye tope jekundu nikiviacha mlangoni kama msikitini. Wakati wa mgawo wa umeme tulikaa gizani tukisubiri, na mwalimu alichora spredishiti ubaoni kwa chaki. Ajabu ni kwamba ubaoni sikukosea hata siku moja. Chaki haina ding.

Basi nilipoimudu SUM, na AVERAGE ya wastani, ambayo sina kazi nayo, niliona muda umefika wa kujaribu saa. Nilinakili kwenye karatasi mistari ya daftari la getini. Sisi wachambuaji tunaingia saa moja na kutoka saa tisa. Wavunaji wanawahi kabla jua halijapiga maua, wanaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa nane. Sote tunafanya kazi saa nane. Kwenye safu ya B nikaandika saa ya kuingia, kwenye C saa ya kutoka, kwenye D nikaweka fomula ya kutoa: C2 toa B2. Mwalimu alikuwa ametuonyesha kwamba saa zinaandikwa kwa nukta mbili katikati, kwa hiyo nikaandika 1:00 na 9:00. Enta. Ikaleta 8:00.

Nilikaribia kupiga kelele. Nikaenda mstari wa mvunaji. 12:00, 8:00. Enta.

######

Alama za reli tupu, chumba kizima. Nikafuta, nikaandika upya. Reli. Mvunaji wa pili, reli. Mchambuaji mwingine, 8:00 safi kabisa. Ikawa kama kompyuta inatupenda sisi wa ukumbini na kuwakataa wavunaji.

Nilinyoosha mkono. Mwalimu akaja, akainama, akatazama kwa haraka maana kulikuwa na mikono mingine.

"Hiyo ndogo. Safu ni nyembamba, jibu halienei. Panua safu."

Nikaushika ukingo wa safu nikaipanua. Reli zikaongezeka. Nikaipanua zaidi. Zikaongezeka zaidi, zikajaa hadi mwisho. Nikavuta safu hadi ikafika ukingo wa skrini, na reli zikanifuata huko huko kama siafu.

"Dada wa maua anajenga reli," kaka wa Elerai aliwaambia wengine. "Akifika Tanga mtuambie."

Walicheka wote. Mimi nilitabasamu, maana ndivyo ninavyofanya nikitaka kulia. Nilipaswa kumwita tena mwalimu na kumwambia nimepanua na haikusaidia. Sikumwita. Nilijua angeniuliza swali, na mimi nikiulizwa mbele za watu hata jina langu linapotea. Kwa hiyo nilirudi nyumbani na reli zangu, na jioni iliyofuata nikapanua tena, na inayofuata tena, kana kwamba safu ingechoka kabla yangu.

Mambo yalifunguka kwa upumbavu tu. Jioni moja kaka wa Elerai aliniuliza saa ngapi, kwa kuwa alikuwa na miadi. Nikatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umepita tano kidogo.

"Saa kumi na moja na robo," nikasema.

Na kwenye kona ya chini ya kompyuta kulikuwa na namba ndogo ambazo kila siku niliziona na sikuwahi kuziuliza: 5:15.

Ninyi mnaosoma huenda mnacheka. Lakini fikirini. Tangu utotoni tunaitazama saa ikituonyesha tano na tunasema kumi na moja, bila hata kujua kwamba tunageuza. Jicho linaona hili, mdomo unasema lile, na hakuna anayekosea miadi. Mlinzi wa getini naye anatazama saa yake, mshale uko kwenye sita, anaandika kumi na mbili, maana ndiyo saa yenyewe. Kompyuta haina mdomo wa kugeuza. Haijui saa moja asubuhi. Niliposema mvunaji ameingia saa kumi na mbili na kutoka saa nane, yenyewe ilielewa kwamba ameingia mchana kweupe na kutoka kabla hajaingia. Ikashindwa kusema, ikaweka reli. Mimi wa saa moja hadi saa tisa ilinipa jibu sahihi kwa bahati, kwa kuamini kwamba ninachambua maua usiku wa manane.

Nilifurahi dakika chache. Nikageuza zote kama mshale unavyosema. Saa moja ikawa 7:00, saa tisa ikawa 3:00. Enta.

Reli. Sasa hata na sisi wachambuaji.

Hapo ndipo nilipomwita mwalimu mwenyewe, kwa hasira, na hasira ilinipa sauti ambayo aibu ilikuwa imeninyima.

"Mwalimu, nimepanua. Nimegeuza. Bado inanikatalia."

Alikaa chini kabisa safari hii, akatazama B na C. Hakucheka. "Unaiambia umetoka saa tatu. Saa tatu ipi? Yenyewe inajua ya usiku, ndiyo ya kwanza kwake. Ikipita saa sita mchana usirudi moja, endelea mbele: kumi na tatu, kumi na nne. Jeshini wanahesabu hivyo."

"Saa kumi na tano?"

"Ndiyo saa tisa yako ya mchana."

"Nani atakubali kuandika saa kumi na tano getini?"

"Getini waandike wanavyojua. Wewe ukae katikati, uwe mkalimani."

Nikaandika 7:00 na 15:00. Nane. Nikaandika 6:00 na 14:00. Nane. Wavunaji wote wakatoka relini mmoja baada ya mwingine. Kwenye kipande cha boksi la maua nikajichorea safu mbili, upande mmoja saa zetu, upande wa pili saa za kompyuta, nikawa naisoma ndani ya lori kama anayekariri katekisimu. Chini ya safu ya saa nikaweka SUM. Nilijaribu kwa siku mbili za mtu mmoja, nane na nane, ikaleta kumi na sita. Nikahifadhi kazi kwenye disketi, nikaifunga kwa nailoni, nikaitia ndani ya kanga.

Jumamosi mhasibu alinikubalia nimwonyeshe wakati wa chakula. Taimkipa alikuwepo, amekwisha kufungasha vitu vyake. Msimamizi wa wavunaji alikuwepo pia, mwanamume mwenye utani mkali, na mlinzi alichungulia dirishani. Chumba kile kidogo kilijaa. Asubuhi ile wakati wa mapumziko nilikuwa nimeingiza saa za watu wachache za wiki iliyopita, Jumatatu hadi Jumamosi, nikigeuza moja moja kwa kile kipande cha boksi. Kilichobaki kilikuwa kuweka jumla ya wiki mwishoni mwa kila mtu.

"Haya binti," mhasibu alisema, kikombe mkononi. "Tuonyeshe."

Niliwaonyesha siku moja moja. Nane, nane, nane. Taimkipa alihakikisha na daftari, akatikisa kichwa kukubali. Mhasibu akasema, "Eh! Yenyewe kabisa?" na nikamwonyesha kwamba nikibadilisha saa ya kuingia jibu linabadilika lenyewe. Msimamizi akasema, "Kumbe ukumbini kuna wataalamu." Mlinzi akauliza dirishani kwa nini saa tisa yake imekuwa kumi na tano, na nikamweleza, mimi, mbele ya watu, bila kupoteza jina langu. Kwa muda huo mfupi mgongo wa kile kiti niliusikia mgongoni mwangu.

"Sasa wiki," mhasibu alisema.

Nikaandika sawasawa, SUM, mabano, nukta mbili, nikafunga mabano. Enta. Haikulia ding. Wala haikuweka reli.

0:00

Nilidhani macho. Nikashuka kwa mtu wa pili. 0:00. Mtu wa tatu. 0:00. Watu waliokuja siku zote sita, hawakukosa hata moja, saa zao za wiki nzima ni sifuri. Nikafika kwa mvunaji mmoja aliyekosa Jumanne kwa sababu ya jino. 16:00.

Kisha msimamizi akapasuka.

"Jamani! Aliyelala nyumbani ndiye aliyefanya kazi! Nami naanza kuumwa jino Jumatatu!"

Mlinzi alicheka hadi akaegemea ukuta. Taimkipa hakucheka, lakini alinihurumia kwa macho, na huruma hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikafuta fomula nikaandika upya, sifuri. Nikaangalia nukta mbili, zipo. Mabano, yamefungwa. Kila kitu nilichowahi kukosea safari hii sikukikosea. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kama ningekosea ningejua pa kurudi.

"Naweza kuandika arobaini na nane kwa mkono, mama," nilisema. "Hapa mwishoni tu."

"Kwa mkono, binti?" Hakunisema vibaya. "Kwa mkono si ndiko tunakotoka? Siku moja moja umeweza. Rudi na jumla ya wiki, tutazungumza."

Niliipeleka disketi Kijenge Jumatatu. Mlangoni palikuwa na kufuli, na ndani ya wiki hiyohiyo chumba kikawa duka la kukodisha kanda za video. Mwenye saluni aliniambia mwalimu amerudi Dar, kapata kazi kubwa. Kaka wa Elerai sikumwona tena. Ukutani mshale mwekundu bado upo, unaelekeza kwenye kanda za video.

Nikaanza kuhesabu mwenyewe kwa kalamu, nikitafuta sifuri inaanzia wapi. Siku moja, nane. Siku mbili, kumi na sita. Siku tatu, nilipoingiza kwenye ile kompyuta ya getini wakati taimkipa anakula, ikawa sifuri. Siku nne, nane tena. Kwa hiyo ikifika ishirini na nne inaona siku imekwisha, inaanza upya. Aliyefanya siku tano anabaki na kumi na sita, aliyefanya sita anabaki mikono mitupu. Inajua siku, haijui wiki. Ugonjwa nimeuona vizuri kabisa. Dawa siijui. Nimejaribu kupanua safu, ndiyo, hata hiyo nimejaribu.

Shangazi alipoona nimekuwa kimya mezani, alisema, "Si useme tu hujui? Kuna aibu gani?"

"Nimwambie nani, shangazi? Hata wa kumwambia hayupo."

Mume wake akasema kompyuta nayo ina mwenyewe, huenda huko alikoitengeneza watu hawafanyi kazi zaidi ya siku tatu. Shangazi alimrushia kitambaa cha kufutia sufuria.

Taimkipa aliondoka kwenda Dodoma. Msimu wa wapendanao huko Ulaya ulikuwa unakaribia, maua yakawa mengi kupita ndoo, na mhasibu hakuweza kuniacha niendelee kutafuta. Alimleta kijana mmoja wa kidato cha nne, mtaratibu, anayesalimia vizuri. Nilijikaza nikaenda kumwuliza.

"Shikamoo mama. Ile habari ya kiti..."

"Marahaba. Yupo kwa msimu tu, binti. Msimu hausubiri. Ukiisha nitaamua. Jumla imepatikana?"

"Bado, mama."

"Basi tafuta."

Yule kijana anatumia karatasi yangu ya siku moja moja, alinishukuru hata. Jumla ya wiki anaipiga kwa kikokotoo pembeni, anaiandika kwa mkono kwenye chumba cha mwisho. Nikipita na ndoo namwona kupitia dirisha. Hana kosa lolote, na namchukia kidogo kila siku kati ya saa moja na saa tisa. Mikono yangu imezidi. Sasa ninafunga vidole kwa vipande vya nailoni ndipo ninachambua, na maji yanaingia hivyohivyo.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyesoma hadi hapa. Kama unajua namna ya kuiambia kompyuta isirudi sifuri ikifika ishirini na nne, iendelee hadi arobaini na nane kama tulivyoendelea sisi, niandikie. Andika kwa Kiswahili. Anza na kitufe cha kwanza, usiruke kimoja kwa kudhani nakijua. Na kama hujui lakini umewahi kuona mtu anayejua, mwulize kwa niaba yangu, maana kuuliza kwako huenda ni rahisi. Itume barua hukohuko ulikoyapata maandishi haya, itanifikia. Usikawie tafadhali. Msimu unakaribia kwisha, na yule kijana ameshaleta mto wake wa kukalia.